Mtembeaji wa Tisa

Jumapili ya kwanza ya Novemba mwaka jana, katika kanisa moja la Tottenham, Mama Eddie alisimama mbele ya watu akamfanya Mkamburi mwongo. Neno lenyewe hakulitamka. Alisema, kwa ile sauti yake laini ya nesi anayekuahidi kwamba sindano haitauma, kuwa walioanza hija ya miguu kwenda Canterbury walikuwa tisa, ila waliofika kwa miguu ni wanane. Mwenzetu mmoja alisaidiwa na basi, akasema, na hilo si neno, Mungu huangalia moyo. Watu wakacheka kidogo, cheko la kanisani, la kuziba mdomo kwa kiganja. Kisha akasoma majina manane.

Mtu hawezi kuujua uzito wa jambo hilo asipoijua desturi yao. Katika ibada ile ya Kiswahili, inayofanyika mara moja kwa mwezi, kila anayekwenda hija hutembea kwa ajili ya marehemu wake mmoja. Akirudi, Jumapili ya kuwakumbuka marehemu, husomwa jina lake, kisha jina la marehemu wake, na mshumaa unawashwa. Mkamburi alikuwa ametembea kwa ajili ya mama yake mzazi, Wakesho. Kwa hiyo siku ile halikurukwa jina moja. Yalirukwa mawili. Mshumaa alioununua ulirudi nyumbani ndani ya mkoba wake, utambi mweupe vilevile.

Mkamburi ni mtu wa milima ya Taita. Mama yake alikuwa msusi wa vikapu vya mkonge, na kule kwao kila msusi alikuwa na alama yake, aliyoisuka kwa uzi mweusi kwenye kitako cha kikapu, ili vikapu vikichanganyika sokoni kila mtu akijue chake. Alama ya Wakesho ilikuwa mistari mitatu mifupi, na juu ya mstari wa katikati duara dogo kama kichwa cha mtu. Shule Mkamburi hakuiona kwa ndani. Kaka zake walikwenda. Yeye alibaki kuchambua mkonge, maana vidole vyake vilikuwa vyepesi na baba yake hakuona faida ya kuvipeleka kwenye kalamu. Alipotimiza miaka ishirini na mitatu akachukuliwa na familia moja ya Nairobi iliyokuwa ikihamia London, aje awalelee mtoto. Mtoto akakua, familia ikahama tena, Mkamburi akabaki. Sasa ana miaka hamsini na miwili. Kazi yake ni katika chumba cha kufulia mashuka ya hospitali, na anaishi peke yake katika fleti ya kaunsili, ghorofa ya sita, kwenye jengo ambalo lifti yake hufanya kazi inapojisikia.

Miaka yote hiyo ameficha jambo moja, kwamba hajui kusoma. Treni yake huijua kwa rangi, ile buluu ya kupauka, na mabasi huyajua kwa sura ya tarakimu zao. Barua za serikali humpelekea jirani yake Miradie, Mkongo wa Bukavu, akisingizia kwamba miwani yake imevunjika. Miwani hiyo imevunjika kwa muda wa miaka kumi na tisa sasa. Na panapotakiwa sahihi, benki au kazini, Mkamburi huchora mistari mitatu na duara, kwa haraka na kwa madaha, na makarani wa London hudhani ni mwandiko wa mtu mwenye shughuli nyingi.

Wakesho alifariki mwaka ambao karatasi za Mkamburi zilikuwa zimekaliwa na watu wa uhamiaji. Angetoka, asingeingia tena. Alimzika mama yake kwa simu, ameketi kwenye ngazi za jengo ambako mtandao ulishika vizuri, akisikiliza koleo la kaka yake likimwaga udongo. Baada ya hapo, kila alipoona watu wakienda na kurudi hija, alijiambia kwamba siku moja atamzika mama yake kwa miguu.

Ndiyo sababu mwaka jana, mwezi wa Oktoba, alijiandikisha. Au tuseme aliandikishwa. Kasisi Fanuel ndiye aliyeshika kalamu.

Safari ile ni ya siku tano, kutoka Southwark, kusini ya mto, hadi Canterbury, na usiku watu hulala kwenye kumbi za makanisa. Kila mtembeaji hupewa kadi, na katika kila kanisa la njiani hupigwa muhuri. Wale wanane walitembea na simu mkononi, wakifuata mstari wa buluu kwenye kioo. Mkamburi alikuwa na ramani yake mwenyewe. Kila jioni Kasisi Fanuel, aliyewafuata kwa gari la vyombo na ni mtu anayependa kusimulia, aliwaeleza njia ya kesho kwa mdomo, na kwa kuwa anapenda baa za Kiingereza hata pale asipokunywa, aliipanga njia kwa baa. Sasa baa za Kiingereza zina uungwana mmoja: kila moja hutundika nje picha ya jina lake. Farasi mweupe ni farasi mweupe. Kengele tatu ni kengele tatu. Mtu aliyezipanga kengele na farasi kichwani anaweza kuivuka nchi nzima bila kusoma herufi moja, na nadhani ndivyo mababu wa Waingereza wenyewe walivyofanya.

Siku ya nne, kati ya Sittingbourne na Faversham, kulikuwa na ukungu mzito. Njia hupita ndani ya mashamba ya matofaa, safu baada ya safu, miti yote sawa kama askari. Mkamburi alikuwa nyuma, anasali. Wale wanane mbele walifuata simu, na simu ikawaingiza kwenye shamba ambalo lango lake la pili lilikuwa limefungwa kwa mnyororo. Walizunguka humo kwa saa mbili, wakirudi kila mara kwenye trekta lilelile bovu. Mkamburi hakuwaona. Yeye alifika penye picha ya plau, akakumbuka, plau mkono wa kulia, akashika kulia. Hivyo akawapita bila kujua.

Akafika kwenye kanisa dogo la mawe katikati ya matofaa. Mlango wazi, ndani hamna mtu. Kando ya mlango palikuwa na kisanduku cha mbao kimebandikwa karatasi yenye maandishi. Mkamburi aliona kisanduku, tena mlangoni, tena kanisani. Akajua ni sadaka. Akatumbukiza pauni moja kwenye upenyo wa kifuniko. Kisha akaanza kuutafuta muhuri. Aliutafuta mezani, chini ya meza, hata kwenye beseni la ubatizo. Hakuuona. Mezani palikuwa na daftari kubwa la wageni, na kalamu imefungwa kwa uzi. Akachora alama ya mama yake, akaenda zake.

Wenzake walipofika Faversham wamejaa tope hadi magotini, walimkuta ameketi kwenye ngazi za ukumbi, amevua viatu, anakula tofaa.

Mama Eddie akamuuliza amefikaje. Akajibu kwa miguu. Akaulizwa kwa njia ipi, akasema ile ya plau. Mama Eddie akaomba kadi yake, akaigeuza, akaona nafasi tupu.

"Muhuri wa kanisa la matofaa uko wapi?"

"Sikuuona."

"Hukuuona? Kisanduku kiko mlangoni, kimeandikwa kwa herufi kubwa hivi. Muhuri uko ndani."

Hapo Mkamburi alikuwa na njia mbili. Angeweza kusema, mbele ya watu tisa akiwamo kasisi, kwamba yeye herufi kubwa na herufi ndogo kwake ni mamoja. Au anyamaze. Alinyamaza, na kunyamaza kwake kukawa ndiyo hukumu. Maana fikiria: watu wanane, simu nane, manesi na wahasibu ndani yake, wamepotea katika shamba la matunda, na mwanamke wa kufua mashuka amewatangulia kwa saa mbili. Ilikuwa rahisi zaidi kwao kumpakia kwenye basi.

Tangu siku ile wakamwita Mama Basi. Mkamburi hakuzaa. Miaka ishirini na tisa pale London wenzake wote ni Mama fulani, Mama Eddie, Mama Emma, na yeye ni Mkamburi mtupu. Hatimaye wakamtafutia mtoto. Akichelewa ibada mtu alimuuliza kama basi lilikuwa na foleni. Siku ya kuzaliwa kwake alipewa kadi yenye picha ya basi jekundu, wote wameweka sahihi, wakidhani ni utani wa upendo. Alishukuru. Aliiweka kadi ile nyuma ya kabati ambako asingeiona, na kila siku alijua iko pale.

Miradie peke yake ndiye aliyemwamini, kwa sababu jioni aliyorudi kutoka Canterbury yeye ndiye aliyemwekea miguu kwenye beseni la maji ya chumvi. "Yaya," alimwambia, maana kwao dada mkubwa huitwa hivyo, "ile miguu nimeiona na macho yangu. Basi haifanye mutu vile." Lakini Miradie husali na Wakongo wenzake, katika ukumbi ulio juu ya duka la mazulia. Ushahidi wake haukuwa na kiti katika kanisa la Mama Eddie.

Septemba mwaka huu ukaitishwa mkutano wa hija baada ya ibada. Mkamburi akanyoosha mkono. Mama Eddie, mwenyekiti, akamtazama kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomkata Mkamburi kuliko utani wote.

"Dada Mkamburi, mwaka huu tusaidie na chai kwenye gari la vyombo. Kila mtu na kipawa chake."

"Sawa," Mkamburi akasema.

Kisha akaenda kwa msimamizi wake kazini, Kalpana, akaomba likizo ya siku tano, wiki moja kabla ya wale kuondoka. Kalpana ni mtoto wa Wahindi wa Kisumu, amekulia Kingsbury, na Kiswahili chake ni cha kugombezea tu. Akamuuliza anakwenda wapi na baridi hii. Mkamburi akasema anakwenda kumzika mama. Kalpana akafungua daftari la likizo. Alimpa siku sita.

Mahali pa kulala hakuwa napo, maana kumbi huombwa kwa barua. Kwa hiyo alifanya kama mtu wa London: alitembea mchana kutwa hadi giza lilipoanza kuingia, akatafuta stesheni, akarudi Tottenham kwa treni kulala kitandani kwake, na alfajiri akarudi kwa treni hadi pale alipoachia. Alijua vizuri kwamba watu wake wakisikia neno treni watapiga vigelegele. Akanunua chaki. Kila jioni, pale mguu wake ulipokoma, alichora mistari mitatu na duara, kwenye nguzo au ukutani karibu na ardhi. Asubuhi hakuanza kutembea hata hatua moja mpaka aione alama yake na kuweka kisigino kando yake. Huko Rochester mvua ilinyesha usiku ikaifuta. Mkamburi alizunguka ile barabara, akatazama kila ukuta, akaona hana hakika kama ni ukuta huu au ule. Akarudi nyuma hadi darajani, ambako alikuwa na hakika, akaanza tena kutoka hapo. Karibu maili nzima aliitembea mara mbili, ili hata yeye mwenyewe asiweze kujisingizia.

Na nchi ilikuwa nzuri. Hilo mwaka jana hakuliona, kwa kukimbiza migongo ya watu. Majani yalikuwa yamegeuka rangi ya chai, ya manjano, ya damu ya mzee, na yakianguka yalianguka bila haraka. Mashamba yamelimwa, udongo mweusi unang'aa kama umepakwa mafuta, na ndege weupe wanalifuata trekta kama kuku wanaofuata mtama. Begani alikuwa na kikapu cha mama yake, cha mwisho alichomsukia, ndani mna chapati, chupa ya chai na ule mshumaa. Farasi mweupe alikuwepo. Kengele tatu zilikuwepo, moja imebambuka rangi. Aliwasalimu wote kimoyomoyo kama majirani.

Siku ya nne akafika penye plau, akashika kulia.

Kanisa la matofaa safari hii lilikuwa na mtu. Bibi mmoja wa Kiingereza, mrefu, ana soksi za mpira hadi magotini na funguo kiunoni, alikuwa akipanga maboga na matofaa kwenye madirisha kwa ajili ya sikukuu ya mavuno. Akamsalimu, akamuuliza kama anakwenda Canterbury. Mkamburi akasema ndiyo, akatoa kadi yake ya mwaka jana, ile nafasi bado tupu. Bibi akaonyesha kisanduku mlangoni kwa kidevu, kwa kuwa mikono yote ilikuwa na boga, akamwambia ajihudumie.

Mkamburi akasimama mbele ya kisanduku kilekile. Mwaka mzima aliouishi kama Mama Basi ulikuwa umesimama nyuma yake. Akaitazama ile karatasi, akageuka.

"Mimi sijui kusoma," akasema kwa Kiingereza chake. "Hapa pameandikwa nini?"

Miaka ishirini na tisa alikuwa akiogopa sentensi hiyo, na ilipotoka haikuvunja kitu. Yule bibi aliweka boga chini, akafuta mikono kwenye sketi, akaja akamsomea: Muhuri umo ndani, fungua, jipigie. Akainua kifuniko. Ndani palikuwa na muhuri na kidau cha wino. Mkamburi akasema, polepole, kwamba mwaka jana yeye alidhani ni sadaka.

Bibi akamtazama. Kisha uso wake ukafunguka.

"Basi ni wewe. Nimetaka kukujua tangu mwaka jana. Miaka kumi na moja nimekitunza kisanduku hiki, na ni mtu mmoja tu aliyewahi kulipia muhuri."

Wakacheka wote wawili, mpaka bibi akalazimika kushika nguzo. Mkamburi akaupiga muhuri kwenye kadi kwa nguvu zote, hadi meza ikatikisika. Halafu wazo likamjia, na lilimjia kama mtu anayegongwa begani. Akauliza kama lile daftari la wageni la mwaka jana bado lipo. Bibi akasema daftari ni lilelile, halijajaa, hapa hawapiti watu wengi.

Mkamburi akaanza kufunua kurasa kuelekea nyuma. Hakusoma. Alikuwa akitafuta kama alivyokuwa akitafuta sokoni, akiwa mtoto, kikapu cha mama yake katikati ya vikapu mia. Kurasa za maandishi ya Kiingereza zilipita, yamelala kama nyasi zilizopigwa na upepo. Kisha akaiona. Mistari mitatu, na duara juu ya wa katikati.

"Hapa," akasema. "Hii ni mimi. Tarehe gani?"

Bibi akavaa miwani, akasoma. Kumi na saba Oktoba, mwaka jana. Mkamburi akauliza ni nani aliyeandika chini yake, kwa maana chini ya alama, mstari unaofuata, mwandiko ulikuwa wa wino tofauti na majina yalikuwa mengi. Bibi akasoma tarehe kwanza, ileile. Kisha akayasoma majina, moja moja, akiyang'ata vibaya, na Mkamburi akawa anayanyoosha. Yalikuwa manane. La kwanza, lililokaa chini ya mistari mitatu kama mtu aliyekaa chini ya kiti cha mwenzake, lilikuwa Njeri, na hilo ndilo jina la kuzaliwa la Mama Eddie. Pembeni, katika nafasi ya maoni, Njeri huyo alikuwa ameandika kwa mkono wake kwamba walipotea shambani kwa muda wa saa mbili lakini Mungu amewafikisha.

Mkamburi akamwomba bibi arudie kusoma. Akarudia. Akamwomba mara ya tatu, na mara ya tatu bibi alisoma polepole zaidi, kwa kuwa sasa alikuwa ameelewa kwamba kuna jambo.

Hakuna basi linalopita kwenye kanisa lile. Hakuna barabara ya basi kwa maili mbili kila upande. Aliyeweka alama pale aliiweka kwa miguu, na aliiweka kabla yao.

Mkamburi akaupiga picha ukurasa kwa simu yake, mara tano, asije akakosea. Bibi akampa matofaa manne. Kesho yake jioni aliingia Canterbury kwa lango la magharibi, mvua ikimpiga usoni, na hakuikwepa. Watalii walikuwa wamejibanza chini ya miavuli. Alilipita kundi lao katikati, kikapu begani, na lile kanisa kuu likasimama mbele yake lote kwa pamoja, kubwa kuliko alivyolikumbuka. Aliweka kiganja kwenye jiwe la ukuta, akasema, "Wakesho, nimekufikisha." Akakaa hapo hadi kiganja kikafa ganzi.

Wiki iliyofuata wenzake walikwenda hija yao. Mkamburi aliwapikia chai kwenye gari la vyombo, kama alivyoombwa, na iliwekwa tangawizi ya kutosha. Mama Eddie akaisifu.

Jumapili ya kwanza ya Novemba akafika mapema kuliko wote, akaingia ofisini kwa Kasisi Fanuel, akaweka juu ya meza simu, kadi yenye mihuri yote na kikapu kilichofudikizwa. Kasisi alitazama picha, akatazama kitako cha kikapu. Akakuza picha kwa vidole viwili, akasoma yale maoni ya pembeni. Mwaka jana yeye mwenyewe alikuwepo kwenye ngazi za Faversham, na hakumtetea. Kisha akamuuliza Mkamburi anataka nini.

"Nataka picha hii uiweke pale wanapoweka maneno ya nyimbo."

Ukutani mwa kanisa lile kuna kioo kikubwa cheupe ambapo huonyeshwa maneno ya nyimbo na masomo. Miaka yote Mkamburi amekaa mbele yake akiimba kwa kukariri, macho yameelekezwa juu kama ya wenzake. Siku ile, ulipofika wakati wa majina, kioo kikawaka, na juu yake, ukubwa wa mlango, pakatokea mistari mitatu na duara. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kioo kile kuandikwa kitu ambacho Mkamburi aliweza kukisoma.

Kasisi akasoma tarehe. Akasoma majina manane yaliyo chini, na yale maneno ya saa mbili shambani. Akamgeukia Mama Eddie, aliyekuwa mstari wa mbele na karatasi yake ya majina mkononi, akamuuliza kama huo ni mwandiko wake. Mama Eddie akasema ndiyo, kwa sauti ambayo nyuma hawakuisikia, na mtu wa nyuma akauliza amesemaje, na wa katikati akamjibu kwa nguvu, "Amesema ndiyo." Kisha Kasisi akainua kikapu, akakigeuza kitako kikaelekea watu.

Mkamburi akapanda mbele. Hakuwa amepanga maneno.

"Sijui kusoma," akasema. "Muhuri sikuuona kwa sababu hiyo. Lakini njia niliiona."

Akatoa mshumaa wa mwaka jana, uliopinda kidogo kwa kukaa kwenye mkoba, akauwasha. Akasema jina lake mwenyewe, akasema jina la Wakesho. Alilisema mara mbili, maana la mwaka jana Wakesho alikuwa hajalipwa. Wanawake wa nyuma ndio waliosimama kwanza. Halafu watu wote wakasimama, na vigelegele vikaanza upande wa Wameru, vikavuka kwa Waluo, hadi mzee wa kupiga kinanda akajiunga bila kuambiwa wimbo. Miradie, ambaye siku hiyo aliliacha kanisa lake juu ya duka la mazulia ili aje aone, alikuwa akilia na kucheka pamoja, akimwambia jirani yake asiyemjua kwamba ile miguu yeye aliiosha, na kwamba habari ya miwani aliijua siku nyingi.

Tangu siku ile hakuna aliyemwita Mama Basi. Watu humwita Mama Alama, na hilo amelikubali. Jumanne jioni huja kwake mwalimu wa bure kutoka maktaba, na tayari anaweza kuandika Wakesho bila kutazama. Mwakani Kasisi amemwomba aongoze njia.

Mama Eddie alimfuata jikoni siku ileile, vikombe vikioshwa, akamshika mkono, akasema, "Dada, tusameheane."

Mkamburi akaendelea kupangusa kikombe. "Tusameheane? Mimi nimekukosea wapi?"

Mama Eddie akamwachia mkono, akatoka na sinia ya vikombe. Baadaye alimtumia keki, na Mkamburi akaila pamoja na Miradie, kwa kuwa ilikuwa keki nzuri. Lakini keki haisemi. Kasisi Fanuel amelipa sehemu yake, ingawa kwa kuchelewa. Wale saba wengine walikuja mmoja mmoja, wengine wakitazama viatu vyao, wakasema tulikosa, na kwao mambo yameisha. Aliyebaki ni Njeri, mama yake Eddie. Kilichobaki ni sentensi moja kutoka kinywani mwake: kwamba Mkamburi alitembea, na mimi nilisema hakutembea. Inatakiwa isemwe palepale iliposemwa ile ya kwanza, mbele ya watu walewale, kwa kipaza sauti kilekile, na si jikoni maji yakitiririka. Ibada ya Kiswahili ni mara moja kwa mwezi. Mkamburi hukaa mstari wa pili, kikapu mapajani, na mpaka leo sentensi hiyo haijalipwa.